Mji wa Watu 14: Historia ya Nicodemus, Marekani



Wengi wetu tukisikia jina la Marekani tunafikiria maghorofa na barabara pana zenye magari mengi. Marekani ya namna hiyo ipo. Ipo pia Marekani ya vijiji vidogo, ambako mtu akiita mwenzake kutoka upande mmoja anasikika upande wa pili. Katika toleo hili tunakueleza habari za kijiji kimoja cha namna hiyo. Kinaitwa Nicodemus, kiko katika jimbo la Kansas, katikati ya nchi, na katika sensa ya mwaka 2020 watu waliohesabiwa hapo walikuwa 14. Asubuhi kwenye bomba moja la maji hapa kambini wanapanga foleni watu wengi kuliko hao.

Kabla hujaendelea kusoma, elewa kwamba makala hii si tangazo. Haihusu nafasi za kuhamia nchi ya tatu, na hakuna orodha ya majina inayoandikwa mahali popote kwa ajili yake. Tumechagua Nicodemus kwa sababu ulianzishwa na watu waliotoka kwenye dhuluma, wakaahidiwa mji, wakafika wakakuta nyasi. Ni vyema kufahamu walifanya nini baada ya hapo, na kwa nini mji uliokuwa umeanza kusimama ulipungua hadi kufikia hali ya leo.

WALIKOTOKA

Waanzilishi wa Nicodemus walikuwa watu weusi, na wengi wao walizaliwa utumwani. Utumwa ulikomeshwa Marekani mwaka 1865, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyochukua miaka minne. Uhuru huo ulikuja bila ardhi. Mtu aliyekuwa mtumwa jana aliamka leo akiwa huru, lakini shamba, nyumba, jembe na ng'ombe vilikuwa vya bwana wake wa zamani. Wengi walibaki kulima mashamba yaleyale kwa kugawana mavuno na mwenye ardhi. Mwisho wa msimu, deni la dukani lilikuwa limekwisha kumeza fungu lao.

Mwaka 1877 serikali kuu iliacha kutumia jeshi lake kulinda haki za watu weusi katika majimbo ya kusini. Vikundi vya watu wenye silaha, ambavyo tangu mwanzo vilikuwa vikiua, kuchoma nyumba na kuwazuia watu weusi wasipige kura, vikawa na nafasi zaidi. Watu wakaanza kuulizana: tuhamie wapi?

Kansas ilikuwa jibu la wengi. Sheria ya mwaka 1862 iliruhusu mtu kuchukua ekari 160 za ardhi ya serikali, yaani karibu hekta 65, kwa ada ndogo. Sharti lilikuwa ajenge hapo, alime, na akae miaka mitano. Miaka hiyo ikitimia alipewa hati, na ardhi ikawa mali yake. Kwa mtu ambaye yeye mwenyewe aliwahi kuandikwa katika hesabu ya mali za mtu mwingine, hati hiyo ilikuwa jambo kubwa kuliko tunavyoweza kueleza hapa.

Inafaa kusema pia kwamba ardhi hiyo haikuwa tupu tangu zamani. Makabila ya wenyeji wa Amerika, kama Wapawnee na Wacheyenne, yaliwinda katika nyanda hizo kabla serikali haijayaondoa. Waliotafuta kwao walipewa mahali palipokuwa kwao na watu wengine.

AHADI NA WALICHOKIKUTA

Mwaka 1877 iliundwa kampuni ya kuanzisha mji wa watu weusi kando ya mto Solomon. Rais wake alikuwa mchungaji mweusi, W. H. Smith. Mtu aliyeifanya biashara hiyo iende alikuwa mzungu, dalali wa viwanja aliyeitwa W. R. Hill. Vipeperushi vilisambazwa, na katika makanisa ya watu weusi huko Kentucky watu walielezwa juu ya ardhi yenye rutuba, maji, na mji unaokuja. Walioamini walilipa ada, wakauza walivyokuwa navyo, wakakata tiketi za treni.

Mwezi Septemba 1877 kundi la watu zaidi ya 300 kutoka Kentucky lilishuka katika stesheni ya Ellis, Kansas. Kutoka hapo hadi Nicodemus ni zaidi ya kilomita 50, na reli haikufika. Waliendelea kwa miguu na kwa mikokoteni michache. Walipofika hawakuona mji, wala mti wa kujengea nyumba. Upeo wote wa macho ulikuwa nyasi. Watu wachache waliotangulia walikuwa wamejichimbia makao ndani ya ardhi, kwenye kingo za makorongo, na kuyaezeka kwa matawi, nyasi na udongo.

Hasira ilikuwa kubwa. Inasimuliwa kwamba Hill alilazimika kujificha ili wasimwue. Baadhi ya familia ziligeuza njia na kurudi. Nyingine zingependa kurudi lakini nauli ilikuwa imekwisha.

Kundi jingine lilifika mwaka 1878 kutoka Georgetown, Kentucky. Hao walipatwa na surua wakiwa Ellis, na baadhi ya watoto wao wakazikwa huko kabla ya safari kumalizika. Mama mmoja wa kundi hilo, Willianna Hickman, alieleza miaka mingi baadaye jinsi wanaume walivyopaza sauti wakisema Nicodemus unaonekana. Alitazama asione kitu. Aliuliza mji uko wapi, akaonyeshwa moshi unaotoka ardhini. Ndipo alipoelewa kwamba watu wanaishi mle ndani kama wanyama wa mashimo, naye akalia.

Majira ya baridi ya kwanza yalikuwa mabaya. Chakula kilikuwa kidogo, na kuni hazikuwepo. Watu wa nyanda hizo walizoea kuwasha moto kwa mabua na kinyesi kikavu cha wanyama. Wazee wa Nicodemus wamesimulia vizazi hadi vizazi kwamba wawindaji wa kabila la Waosage, waliokuwa wakirudi kutoka mawindoni, waliwagawia nyama. Wanaume wenye nguvu walitembea siku kadhaa kutafuta vibarua kwenye reli na mashamba ya mbali. Wengine walianza kulima kwa jembe la mkono na sepetu, kwa kuwa farasi walikuwa wachache mno. Mtu anayejua kulima kwa mkono aifikirie kazi hiyo: nyasi zile zina mizizi iliyosukana kama mkeka, na ardhi ya namna hiyo huhitaji plau nzito.

Juu ya jina lenyewe yapo maelezo mawili. Wapo wanaosema ni Nikodemo wa Injili ya Yohana, yule aliyemwendea Yesu usiku. Wengine wanasema ni jina la mtumwa wa Kiafrika aliyeimbwa katika wimbo wa miaka ile. Wakazi wenyewe hawajamaliza ubishi huo, na sisi hatutaumaliza.

MJI UNASIMAMA

Kufikia mwaka 1880 palikuwa na watu weusi wapatao 260 mjini na kwenye mashamba ya jirani, pamoja na wazungu wapatao 60. Nyumba za udongo na mawe zilianza kuchukua nafasi ya yale mashimo. Familia ya Fletcher ilifungua hoteli; Zachary Fletcher akawa mkuu wa posta, na mkewe Jenny anakumbukwa kama mwalimu wa kwanza. Katika miaka iliyofuata yalikuja maduka, makanisa, benki, timu ya besiboli na magazeti mawili. Edward McCabe, aliyefika mwaka 1878, alichaguliwa mwaka 1882 kuwa mkaguzi mkuu wa hesabu za jimbo zima la Kansas. Hakuna mtu mweusi aliyewahi kushika cheo cha kuchaguliwa cha ngazi hiyo katika jimbo hilo kabla yake. Ilikuwa miaka 17 tu tangu utumwa ukomeshwe.

Hapo ndipo lilipokuja suala la reli.

Katika nyanda zile, mji bila reli ulikuwa kama duka bila mlango. Ngano haikuweza kufika sokoni, na mbao, chumvi na vyuma vililetwa kwa mkokoteni kwa gharama kubwa. Magazeti ya Nicodemus yaliandika juu ya reli karibu kila toleo. Mwaka 1887 wakazi walipiga kura kukubali deni la dola 16,000 ili kuivutia kampuni ya Missouri Pacific. Fedha hizo zilikuwa nyingi mno kwa wakulima ambao miaka kumi nyuma walilala chini ya ardhi. Viwanja vilipanda bei. Wafanyabiashara wapya walijenga.

Kampuni hiyo haikuleta reli. Mwaka 1888 kampuni nyingine, Union Pacific, ilijenga njia yake ng'ambo ya mto na kuweka stesheni kilomita chache kutoka Nicodemus, mahali ambapo baadaye pakaitwa Bogue. Wenye maduka walihamisha bidhaa, na wengine wakahamisha hata majengo yenyewe, wakayapeleka kwenye reli. Magazeti yakafungwa. McCabe naye alikwenda Oklahoma, akashiriki kuanzisha mji mwingine wa watu weusi, Langston.

Vita havikupita Nicodemus wakati huo, wala njaa. Mstari uliochorwa kwenye ramani na watu wa mbali, waliokuwa wakipiga hesabu zao, ulitosha kuondoa biashara za mji mzima.

WALIOBAKI

Wenye maduka waliweza kuondoka, lakini wakulima walikuwa na hati za ardhi, na wengi wao walibaki. Nicodemus ukawa kituo cha wakulima wa ngano: kanisa, shule, na mahali pa kukutana. Uliendelea hivyo kwa miaka 40, mpaka ulipofika ukame wa miaka ya 1930. Mvua zilikatika, upepo ukanyanyua udongo uliolimwa, na dhoruba za vumbi zikageuza mchana kuwa giza. Bei ya ngano nayo ilikuwa imeanguka. Mwaka 1935 walibaki watu 76. Mwaka 1950 walikuwa 16. Posta ilifungwa mwaka 1953, na shule mwaka 1960. Shule ikifungwa, familia zenye watoto huwa hazina sababu ya kurudi, na hilo limeua vijiji vingi vya Kansas, vya wazungu pia.

Hata hivyo ardhi haikutoka yote mikononi mwao. Veryl Switzer, aliyezaliwa Nicodemus mwaka 1932 na kucheza mpira wa Kimarekani katika timu ya Green Bay Packers miaka ya 1950, aliendelea kumiliki mashamba hapo hadi uzee wake. Baadhi ya waliofanya kazi mijini walirudi walipostaafu. Mwaka 1996 serikali kuu ilitangaza mji huo kuwa mahali pa historia ya taifa. Majengo matano yanatambuliwa chini ya hadhi hiyo: makanisa mawili, ile hoteli ya Fletcher, shule, na ukumbi wa tarafa uliojengwa mwishoni mwa miaka ya 1930.

W. R. Hill, yule dalali, alianzisha pia mji wa jirani na kuupa jina lake mwenyewe, Hill City. Huo ndio makao makuu ya wilaya hadi leo na una watu zaidi ya 1,000.

WANAHESABIWAJE?

Sensa ya Marekani hufanyika kila baada ya miaka kumi, tangu mwaka 1790. Kanuni yake ni kumhesabu mtu mahali anapoishi na kulala kwa kawaida. Haiulizi kwenu ni wapi, wala makaburi ya wazee wenu yako wapi. Kwa kanuni hiyo mtu aliyezaliwa Nicodemus, mwenye shamba Nicodemus, lakini anayefanya kazi Denver, ni mtu wa Denver. Kwa serikali kanuni hiyo ina maana, maana huwezi kupanga maji na barabara kwa ajili ya watu wasiokuwepo. Lakini usiichukue idadi ya 14 kuwa ndiyo hesabu ya watu wa Nicodemus wote.

Hesabu nyingine huonekana mwishoni mwa Julai. Tangu enzi za waanzilishi, mji huu umekuwa na sherehe ya kila mwaka ya kukumbuka kukomeshwa kwa utumwa. Tarehe iliyofuatwa ni ya tarehe 1 Agosti 1834, siku watumwa wa visiwa vya Karibi vilivyotawaliwa na Waingereza walipopata uhuru wa kisheria. Siku hizi sherehe hiyo inaitwa sikukuu ya kurudi nyumbani. Wajukuu na vitukuu huja kwa mamia kutoka majimbo ya mbali. Ile hoteli haipokei tena wageni, na nyumba chache zilizopo haziwatoshi, kwa hiyo wengine hulala katika miji ya jirani. Kuna maandamano, ibada na chakula cha pamoja, na watoto waliozaliwa mijini huonyeshwa mahali babu wa babu yao alipochimba nyumba.

Jumatatu yake magari huondoka, na wale 14 hubaki.