Usome Mpira Kabla ya Kurekebisha Fimbo

Luvungi hakuna kiwanja cha gofu. Bonde la Ruzizi lina mashamba ya mpunga na viwanja vya kandanda, na mwenye hamu ya gofu hana budi kuvuka mpaka, kwa mfano hadi Kigali, ambako kiwanja cha Nyarutarama kilichochorwa upya na kampuni ya Gary Player wa Afrika Kusini kina mashimo 18 tangu 2021. Lakini kijana wa Luvungi aliyewahi kupiga mpira wa adhabu ukapinda na kuuzunguka ukuta wa mabeki anajua tayari nusu ya somo la leo: mpira ukienda huku unajizungusha, hewa huusukuma pembeni. Gofu inaongeza ugumu mmoja. Mpira wake hauruhusiwi kuzidi gramu 45.93, na fimbo huugusa kwa muda wa kama nusu ya elfu moja ya sekunde. Hapo katikati huna unachoweza kurekebisha. Kilichoharibika kimeshaharibika kabla.

Ndiyo maana wengi hutafuta kosa mahali pasipo pake. Mkwaju ukienda kombo wanajitazama: kiwiko kimekunjika, goti limecheza, fimbo haikupanda kama ya yule bingwa wa kwenye televisheni. Lakini Jim Furyk wa Marekani huzungusha fimbo kwa namna ambayo hakuna mwalimu angeifundisha. Ikipanda inapita njia yake, ikishuka inapita nyingine. Mtu huyo alishinda US Open mwaka 2003, na mwaka 2016 akamaliza raundi kwa mikwaju 58, ambayo hakuna aliyewahi kuifikia kabla yake katika ligi ya PGA Tour. Fimbo yake hufika kwenye mpira ikiwa imetazama panapotakiwa, basi. Mengine ni mapambo.

Wachezaji wengi wa kulipwa wa Kenya na Uganda walianza kwa kubeba mifuko ya fimbo za wengine. Mbeba mifuko halipwi kutazama kiwiko cha tajiri wake. Kazi yake ni kuufuata mpira kwa macho, ulikoanzia na ulikoishia, kwa sababu ndiye atakayetumwa kuutafuta vichakani. Nadhani hiyo ni shule bora kuliko video nyingi za mtandaoni.

Maswali ya kujiuliza ni mawili. Mpira ulianza kuelekea wapi? Kisha ulipinda kwenda wapi? Mwelekeo wa mwanzo huamuliwa zaidi na uso wa fimbo: ulikokuwa umetazama wakati wa kugusa mpira, ndiko mpira unakoanzia, kwa kiasi cha robo tatu au zaidi. Kupinda kunatokana na tofauti kati ya ulikotazama uso na ilikokuwa ikipita fimbo yenyewe. Vitabu vingi vya zamani vilifundisha kinyume, kwamba mpira huanza kwa kufuata njia ya fimbo. Rada za kupimia mikwaju, kama Trackman ya Denmark, ndizo zilizomaliza ubishi huo katika miaka ya 2000.

Tuchukue tatizo la wengi: mpira unaanza kushoto kidogo, halafu unapinda kulia mpaka unapotea. (Mifano yote hapa ni ya anayetumia mkono wa kulia, wa kushoto ageuze.) Fimbo inapita ikitoka nje kuja ndani, yaani kuelekea kushoto, na uso wake umebaki wazi ukilinganishwa na njia hiyo. Mchezaji akiona mpira unakwenda kulia, anasimama akielekea kushoto zaidi. Inaonekana ni akili, kumbe ni mtego: sasa fimbo inapita kushoto zaidi, tofauti inaongezeka, mpira unapinda zaidi kuliko jana.

Kabla ya kugusa chochote, paka poda ya mtoto kwenye uso wa draiva, ile fimbo ya kupigia mbali, upige mikwaju kadhaa. Alama ikiwa karibu na shingo ya fimbo, huenda tatizo ni hapo tu. Mpira unaogongwa upande wa shingo ya draiva hupinda kulia hata kama mzungusho ulikuwa safi. Sogea nyuma nusu hatua, jaribu tena. Wapo waliobadilisha mzungusho mzima kwa kosa la kusimama karibu mno na mpira.

Alama ikiwa katikati, nenda kwenye mshiko, usiende kwenye mabega. Shika fimbo kama kawaida, inamisha macho uutazame mkono wa kushoto. Ukiona kifundo kimoja tu cha vidole, mshiko wako ni dhaifu na uso utafika ukiwa wazi. Geuza mkono kulia hadi vifundo viwili au vitatu vionekane. Vidole vitalalamika, na mipira ya kwanza itakwenda kushoto kabisa. Usiogope. Hiyo ni habari njema: uso umeanza kufunga, na sasa mwili wenyewe utaanza kuacha kuivuta fimbo kushoto.

Kosa la pili kwa wingi ni kugonga mpira utosini ukaambaa na nyasi. Hapo kila aliye karibu atakwambia, "Umeinua kichwa!" Mara nyingi si kweli. Mwaga majivu mstari mmoja ardhini, simama mstari ukiwa katikati ya miguu, zungusha fimbo ya chuma bila mpira. Kovu la nyasi linapaswa kuanzia kwenye mstari na kwenda mbele, upande wa lengo. Likianzia nyuma ya mstari, uzito umebaki mguu wa kulia. Fimbo inafika chini mapema, na inapokutana na mpira imeshaanza kupanda. Anayekazana kuinamisha kichwa huzidi kujizuia asihamie mguu wa kushoto, na kosa linakomaa.

Wachezaji wa ukanda wetu wana fumbo jingine, mwinuko. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi, mpira unakwenda mbali na kupinda kidogo. Anayepiga kwenye kiwanja cha Muthaiga, Nairobi, akishuka kwenye kile cha Nyali, Mombasa, ataona mkwaju uleule unapinda zaidi na kuanguka mapema, aanze kujitilia shaka. Mzungusho haujaharibika wiki hiyo. Hewa ya pwani ni nzito na imelifichua kosa alilokuja nalo.

Mwalimu bado ana kazi yake, hasa kwa anayeanza. Ukimwendea, mweleze mpira ulianzia wapi, ulipinda wapi, na alama ya poda ilikaa wapi. Akianza kukukunja viwiko kabla hajauona mpira wako hata mmoja ukiruka, tafuta mwingine.