Saini Iliyowekwa Katikati ya Uchungu

Nchini Namibia, wanawake watatu wanaoishi na virusi vya UKIMWI walikwenda hospitali za serikali kujifungua, wakarudi nyumbani wamefungwa vizazi. Walipofungua kesi, serikali ilijitetea kwa fomu za ridhaa: saini zao hizi hapa, walikubali wenyewe. Novemba 3, 2014, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikasema saini hizo hazikuthibitisha ridhaa. Zilichukuliwa wanawake wale wakiwa katika uchungu wa kuzaa, na uamuzi wa kutozaa tena maishani haufanywi baina ya uchungu mmoja na mwingine.

Nafundisha maadili kwa wauguzi na wakunga, na kesi hiyo huanza nayo kila darasa jipya. Nikiuliza ridhaa ni nini, jibu la kwanza huwa lilelile: fomu. Sitawalaumu wanafunzi, maana ndivyo walivyoiona wodini. Karatasi inapitishwa kitandani, "mama, saini hapa, daktari anasubiri," asiyejua kuandika anapakwa wino kwenye dole gumba, kazi imekwisha.

Kwa macho ya sheria, mwili wa mtu ni wake. Kumchoma sindano au kumpasua bila kukubali kwake ni kosa, hata kama nia ilikuwa njema na hata kama alipona. Kinachoondoa kosa hilo ni makubaliano, na makubaliano hupatikana katika mazungumzo. Fomu huja baadaye, kama ushahidi kwamba mazungumzo yalifanyika. Yasipofanyika, inashuhudia nini?

Mazungumzo yenyewe yana mambo yake. Mgonjwa awe na akili timamu na umri unaokubalika kisheria. Umri huo hubadilika kulingana na huduma: Tanzania, kwa mfano, tangu mwaka 2019 kijana wa miaka 15 anaweza kukubali mwenyewe kupimwa VVU. Kisha aelezwe ana tatizo gani, tunataka kumfanya nini, faida yake, hatari yake, kama kuna njia nyingine, na itakuwaje akikataa. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inaongeza gharama, na inataka maelezo yatolewe kwa lugha anayoielewa mgonjwa. Hapo kwenye lugha ndipo tunapoanguka wengi. Fomu nyingi zimejaa vifupisho vya kitabibu ambavyo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hawezi kuvifumbua, sembuse mama aliyetoka shambani.

La mwisho ni hiari, na hili linaniuma zaidi. Mara ngapi mwanamke mtu mzima, mwenye akili zake, anaulizwa, "Mumeo yuko wapi aje asaini?" Kushauriana na ndugu ni desturi yetu na ni nzuri, mgonjwa akitaka mumewe, mama yake au shangazi yake awepo, na wakaribishwe. Lakini yeye ndiye wa kuamua nani aambiwe, kwa sababu habari za ugonjwa wake ni siri yake. Na yeye ndiye mwenye neno. Kumngojea mwanamume asafiri usiku kucha ilhali mgonjwa mwenyewe ameshasema ndiyo, naona ni kumdharau.

Dharura ina hukumu yake. Majeruhi wa ajali asiyejitambua hangojewi asaini, atibiwe, aokolewe. Ibara ya 43 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema wazi kuwa hakuna wa kunyimwa matibabu ya dharura. Hata hivyo, pana mpaka. Huko Ontario, Kanada, mwanamke aliyepoteza fahamu baada ya ajali ya gari alikutwa na kadi mkobani ikisema yeye ni Shahidi wa Yehova na asiongezewe damu kwa hali yoyote. Daktari akaiona kadi, akamwongezea damu, mgonjwa akapona. Mwaka 1990 Mahakama ya Rufani iliridhia daktari huyo alipe dola 20,000. Wanafunzi wangu hulipinga jambo hili kwa sauti kubwa, nami huwaacha walipinge, maana ni zito. Daktari alitaka kuokoa uhai. Mgonjwa alikuwa ameshasema hapana, na hapana ya mtu haifutiki kwa sababu amezimia.

Ninayo njia moja ninayowasihi waitumie. Ukishaeleza, usiulize, "Umeelewa?" Kila mgonjwa atajibu ndiyo, kwa adabu au kwa woga wa kuonekana mjinga. Mwombe akueleze wewe.

Niliishika njia hiyo kwa mama mmoja aliyekuwa na uvimbe kwenye kizazi. Tulikuwa tunautoa uvimbe tu, kizazi kinabaki, na nilidhani nimemweleza vizuri. Kalamu tayari ilikuwa mkononi mwake nilipomuuliza, "Mama, ukimpigia dada yako jioni hii, utamwambia kesho tunakufanya nini?"

Akainamisha kichwa, akavuta khanga ikamfunika mabega. "Nitamwambia mnanitoa kizazi," akasema. "Nitamwambia sitazaa tena, lakini bora uhai."

Nikaichukua ile kalamu, nikavuta kiti, nikaanza upya.