Tumbo kubwa kuliko miezi? Huenda ni hesabu iliyokosewa

JE, umewahi kwenda kliniki ukiwa na hakika kuwa mimba yako ni ya miezi miwili, lakini muuguzi alipokupapasa tumbo akakuambia kuwa imepita mitatu?

Wanawake wengi hutoka hapo wakiwa na wasiwasi. Mmoja huwaza mapacha, mwingine uvimbe. Na kuna yule anayejiuliza atamwambia nini mumewe, kwa kuwa miezi mitatu iliyopita bwana hakuwa nyumbani.

Kabla hujafika huko, yafaa ujue jinsi mimba inavyohesabiwa.

Madaktari na wakunga hawahesabu tangu siku mwanamke alipokutana na mumewe. Huanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa sababu hiyo ndiyo siku ambayo mwanamke anaweza kuitaja. Kwa mwenye mzunguko wa siku 28, yai hutoka kama siku 14 baadaye. Hivyo basi kila mja mzito huandikiwa majuma mawili ambayo mimba ilikuwa bado haijatunga.

Chukua mfano wa dereva wa lori la masafa marefu. Mkewe alianza hedhi Januari 1. Bwana akarudi kutoka Kigali Januari 12, na mimba ikatunga siku mbili tatu baadaye. Mama akienda kliniki Februari 26 ataandikiwa majuma 8. Bwana akihesabu tangu aliporudi atapata majuma 6 na siku 3. Hakuna aliyemdanganya mwenziwe, na mtoto atatarajiwa Oktoba 8, yaani siku 280 tangu hedhi ilipoanza.

Nyumba zimeingia ugomvi kwa ajili ya majuma hayo mawili. Inasikitisha, kwani muuguzi angelieleza jambo hili kwa dakika chache tu kama bwana angeandamana na mkewe kliniki.

Kosa la pili hutokana na damu. Mwanamke aliyekwisha kushika mimba anaweza kutokwa na damu kidogo karibu na siku alizotarajia hedhi. Yeye hudhani ni hedhi, akaanza kuhesabu hapo, na mwezi mzima ukapotea. Jiulize: damu ile ilikuwa nyingi kama kawaida? Ilichukua siku ngapi? Kama yalikuwa matone ya siku moja, mwambie muuguzi hivyo, na umpe tarehe ya hedhi iliyotangulia pia.

Halafu kuna wasio na tarehe yoyote ya kutaja. Mama anayenyonyesha anaweza kushika mimba kabla hedhi haijarudi. Aliyeacha sindano ya miezi mitatu ya kupanga uzazi naye anaweza kukaa muda mrefu bila kuona siku zake. Ukiwa mmoja wao, ni heri useme hujui kuliko kubuni tarehe, maana ikishaandikwa kwenye kijitabu cha mama na mtoto, kila atakayekihudumia ataichukua kuwa ni kweli.

Na mfuko wa uzazi wenyewe je? Hadi juma la 12 huwa umejificha ndani ya nyonga. Wakati huo ndipo kilele chake huanza kuguswa juu kidogo ya mfupa wa kinena. Juma la 16 hufika katikati ya mfupa huo na kitovu, na juma la 20 hukaribia kitovu.

Kwa hivyo tumbo ambalo majirani wanaliona ukiwa na miezi miwili si mtoto. Mara nyingi ni gesi na kufunga choo, mambo ambayo homoni za mimba huyaleta, au ni misuli iliyolegea kwa mama aliyezaa awali. Hata kibofu kilichojaa mkojo huusukuma mfuko wa uzazi juu. Ndiyo sababu huambiwa uende haja ndogo kabla ya kulala kitandani upimwe.

Ubishi humalizwa na skani, na wakati mzuri ni kati ya juma la 8 na la 13. Hapo mtoto hupimwa urefu kutoka utosi hadi makalio, njia iliyoelezwa na daktari Hugh Robinson wa Glasgow mwaka 1973 na ambayo ingali inatumika. Katika juma la 9 mtoto huwa na sentimita 2 na kitu, na juma la 12 hupita sentimita 5. Majuma hayo watoto hukua karibu sawa, awe wa mama mrefu au mfupi, na umri hujulikana kwa tofauti ya siku 5 hadi 7 tu.

Ukiambiwa basi kuwa mtoto ni mkubwa katika miezi hii, usianze kuogopa kupasuliwa. Maana yake kwa kawaida ni kuwa ana siku nyingi kuliko ulivyodhani. Skani nayo haitumii miale kama eksirei.

Lakini ikiwa tarehe zako ni sahihi na mfuko wa uzazi bado umezidi, lazima sababu itafutwe. Huenda ni mapacha, hasa kama wako kwa jamaa za mama yako, au ulitumia dawa za kusaidia yai kupevuka. Mwulize anayekupiga skani kama watoto wana kondo la nyuma moja au mawili. Hilo huonekana vyema kabla ya juma la 14, na wanaotumia kondo moja huhitaji kuangaliwa kwa karibu zaidi.

Huenda pia ni faibroidi, uvimbe unaowapata sana wanawake Waafrika. Wengi hujifungua salama nao. Kwa kawaida hautolewi wakati wa mimba kwa kuhofia damu nyingi, ila ukianza kuuma sana usikae nyumbani.

Sababu isiyotokea mara nyingi, lakini isiyofaa kupuuzwa hata kidogo, ni mimba ya zabibu. Hapa kondo hukua vibaya na kujaa vijifuko vya maji mfano wa kichala cha zabibu, na mara nyingi hakuna mtoto kabisa. Mama hutapika kupita kiasi, hutokwa na damu, na tumbo huenda mbio kuliko miezi. Wenye umri mdogo sana na waliopita miaka 40 ndio walio katika hatari zaidi.

Mimba hii husafishwa hospitalini, kisha homoni ya mimba hupimwa kwa miezi kadhaa mpaka iishe mwilini. Usiache vipimo hivyo kwa kuwa umejisikia mzima, na usishike mimba nyingine kabla ya kuruhusiwa. Mabaki yanaweza kugeuka saratani, ingawa ikigunduliwa mapema hutibika vizuri kwa dawa.

Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 kwamba kila mja mzito aanze kliniki kabla ya juma la 12 na apigwe skani moja kabla ya juma la 24. Si akina mama wachache wanaosubiri hadi mwezi wa tano. Aliyekosea kwa mwezi mmoja anaweza kupitisha majuma 42 akidhani bado ana siku, huku kondo likichoka na mtoto akiwa hatarini.

Skani ya miezi ya mwisho haiwezi kurekebisha hilo, kwani inaweza kukosea kwa hadi majuma matatu. Ikiwa ya juma la 10 ilikupa tarehe moja na ya juma la 34 ikakupa nyingine, mwombe daktari afuate ile ya kwanza. Weka karatasi yake ndani ya kijitabu chako, na uende nayo hata kama utajifungulia mashambani.