Kibali cha Mwaka au Nauli ya Likizo?



Katika mikutano ya matawi ya Kasese, Bwera na hapa Kabatoro tumeulizwa swali moja mara nyingi kuliko hata swali la saa za ziada. Mwajiri mmoja, ambaye jina lake tunaliacha, ameleta pendekezo kwamba nauli ya likizo ifutwe, na badala yake kila mfanyakazi mwenye familia apewe kibali cha mwaka cha kuingia mbuga ya wanyama ya Queen Elizabeth. Karatasi yake ilikuwa na picha nzuri ya tembo. Baadhi ya wenzetu walifurahi, hasa wenye watoto wa shule. Wengine walisema ni ujanja mtupu. Kamati imetuagiza tulieleze jambo hili kwa kirefu, ili kila mtu apige hesabu mwenyewe kabla ya kutia sahihi.

Kwanza tukijue kitu chenyewe. Kibali cha mwaka maana yake unalipa mara moja, kisha unaingia kila upendapo kwa miezi kumi na miwili. Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda huuza vibali vya namna hiyo, kwa mtu mmoja na kwa familia. Nchi nyingine wanavyo kwa majumba ya makumbusho. Nairobi kuna Kenya Museum Society, iliyoanzishwa 1971, ambayo wanachama wake wakishalipa ada ya mwaka huingia makumbusho ya taifa bila kulipa tena. Uholanzi wana kadi moja, iliyoanza 1981, inayofungua milango ya makumbusho zaidi ya 400. Lakini Uholanzi ni nchi ndogo yenye gari moshi kila upande, na mfanyakazi akimaliza chakula cha mchana Jumapili anaweza kuwapeleka watoto na kurudi kabla ya giza. Uingereza wao walikwenda njia nyingine: tangu Desemba 2001 makumbusho makubwa ya taifa hayatozi kiingilio kabisa, tajiri na maskini wanaingia sawa, ila maonyesho maalumu tu ndiyo hulipiwa. Huko kadi ya mwaka si jambo la lazima kwa mtu wa kawaida.

Mwenye kuuza kibali anapata nini? Anapata fedha zote mapema, na anabaki na fedha za wale walionunua wakakaa nyumbani. Huo si wizi, ndivyo biashara hiyo ilivyo kila mahali. Kwa hiyo swali la mnunuzi ni moja: nitakwenda mara ngapi?

Tupige hesabu. Tarakimu hizi tumezichagua ziwe nyepesi, bei halisi iulizwe langoni siku ya kwenda, maana hubadilika. Tuseme mtu mzima analipa shilingi 20,000 kwa siku na mtoto 5,000. Baba, mama na watoto wanne watalipa 60,000 kila safari. Tuseme kibali cha familia ni 240,000. Basi safari nne zinarudisha fedha ya kibali, na faida inaanza safari ya tano. Mpaka hapo mwajiri yuko sawa, na hata karatasi yake iliandika hivyo.

Lakini karatasi ile haikuzungumza juu ya gari. Ndani ya mbuga huwezi kutembea kwa miguu na watoto wako kati ya nyati na simba. Lazima gari, na gari lenyewe nalo hutozwa kiingilio chake mbali na watu. Mwenye gari lake hapa Kasese tunamfahamu, naye kwa kawaida si mwanachama wetu. Sisi tutakodi takisi. Tuseme dereva anataka 150,000 kwa siku pamoja na mafuta. Safari nne ni 600,000. Sasa angalieni vizuri: kibali cha 240,000 ulichopewa bure, ili ukifaidi, kinakudai utoe 600,000 mfukoni. Kadiri unavyokitumia zaidi ndivyo unavyotoa zaidi. Na ukikiacha kabatini hukupata kitu, na nauli yako ya likizo imekwenda.

Tena kibali ni cha kuingia tu. Mashua ya mfereji wa Kazinga, ambayo ndiyo watoto wote huisikia shuleni kwa sababu ya viboko na ndege, hulipiwa peke yake. Kiongozi wa msafara naye hulipiwa peke yake.

Halafu kuna siku. Sheria inatupa angalau saa 24 za mapumziko kila wiki, basi mwaka una siku kama 52. Ondoa za kanisani au msikitini (na wenzetu Wasabato, ambao ni wengi huku, Jumamosi yao haiguswi). Ondoa mazishi, harusi, shamba la mahindi na muhogo, siku ya soko la Mpondwe, na siku ambayo mwili umechoka tu na unataka kulala. Wa zamu ya usiku wanajua zaidi. Tulipouliza katika tawi moja nani ana siku tano kwa mwaka za kwenda mbugani na familia yote, mikono miwili iliinuka, na mmoja alikuwa kijana asiye na mke.

Na familia ni nani? Karatasi za namna hii huhesabu baba, mama na idadi fulani ya watoto wao. Familia zetu hazikukatwa kwa mkasi huo. Wengi tunalea watoto wa ndugu waliofariki, tuna bibi nyumbani, na wapo mama wanaoendesha nyumba peke yao kwa mshahara wa kuchambua pamba au kuchuma chai. Mtoto wa marehemu kaka yako atabaki langoni akiwatazama wenzake wakiingia? Jambo hilo liulizwe kabla, si siku ya safari.

Hata hivyo hatutaki mtu aseme chama kinapinga watoto kuona wanyama. La. Mbuga hii ilitangazwa 1952 kwa jina la Kazinga, ikaitwa Queen Elizabeth 1954 baada ya malkia wa Uingereza kutembelea, nasi tumo ndani yake: Kabatoro na Katwe, Hamukungu, Kahendero, Kasenyi, Katunguru, vijiji vyote hivyo vimezungukwa na mbuga. Mtoto wa hapa anamjua tembo kama mwizi wa shamba, na kiboko kama mnyama wa kuogopwa usiku karibu na nyumba. Askari wa mbuga anamjua kama mtu anayekamata mama mwenye mzigo wa kuni. Wageni wanatoka Ulaya kwa ndege kuja kutazama kilichopo nyuma ya jiko letu, na mtoto wetu hajawahi kukaa kwa utulivu akaelezwa simba anaishije. Hilo ni pungufu la kweli, na hatulicheki.

Tena sheria inasema sehemu ya 20 kwa mia ya ada za kuingia mbugani irudi kwa serikali za mitaa zinazopakana na mbuga, kwa faida ya wananchi wa jirani. Shilingi ya langoni haipotei yote. Kila mwanachama anayo haki ya kumwuliza diwani wake fedha hiyo imejenga nini katika parishi yake.

Kibali kina uzuri mmoja ambao hesabu haiuonyeshi. Mtu aliyelipa kwa siku moja anawakimbiza watoto tangu asubuhi ili waone kila kitu, mpaka jioni wadogo wanalia na wakubwa wamenuna. Mwenye kibali anaingia saa mbili, anaona kitu kimoja, anarudi wiki ijayo. Watoto hujifunza hivyo zaidi. Ila uzuri huo ni wa anayekaa karibu na lango na mwenye chombo cha kumfikisha. Mwalimu mwenye gari, au mfanyakazi wa hoteli za Mweya ambaye familia yake inamtembelea mara kwa mara, sisi tungemwambia anunue.

Kuhusu Jumba la Makumbusho la Kampala, ambalo pia tumeulizwa, jibu ni fupi. Lilianza 1908 pale Old Kampala, na watu wa wakati ule waliliita nyumba ya mayembe, kwa kuwa vitu vya waganga vilikusanywa humo. Tangu 1954 liko Kitante. Lina ngoma na zeze za makabila yetu, na nyuma yake kuna nyumba za kienyeji zilizojengwa kama za zamani. Mfanyakazi wa Kampala anaweza kwenda kwa miguu, huyo akipata tikiti ya mwaka inamfaa. Kwa sisi tulio zaidi ya kilomita 350 mbali, gharama ni basi, na kiingilio ni kitu kidogo kando yake. Gari moshi lililofika Kasese 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe halibebi abiria tena. Anayepita Mbarara kwa shughuli nyingine anaweza kusimama Igongo, Biharwe, kuna makumbusho ya mambo ya Ankole.

Na tusisahau kwamba makumbusho mengine hayana paa. Ziwa Katwe limetoa chumvi kwa karne nyingi. Lugard alijenga ngome hapa 1891 ili kushika biashara hiyo. Pembeni yake kiwanda kilichojengwa miaka ya 1970 kwa ufundi wa Wajerumani kinakula kutu, maana maji ya chumvi yaliyala mabomba yake. Kikasimama baada ya muda mfupi. Watu walioingia majini kwa miguu yao kabla ya kiwanda wanaingia mpaka leo, wanaume wanavunja chumvi ya mawe, akina mama wanatengeneza ya mabwawa. Mtoto wa mfanyakazi anayetaka kujua historia ya kazi katika nchi hii aanzie pale, pamoja na mzee wa kumweleza. Na anayesafiri kwa basi kutoka Kasese kwenda Mbarara anapita katikati ya mbuga bila tikiti yoyote. Wapo walioona tembo wengi zaidi dirishani kuliko watalii waliolipa.

Sasa turudi kwa nauli ya likizo. Sheria ya Kazi ya mwaka 2006 inatoa siku saba za likizo kwa kila miezi minne ya kazi mfululizo, yaani siku 21 kwa mwaka, kwa mshahara kamili. Siku hizo ni za sheria. Nauli ya kukufikisha nyumbani kwa wazazi ni ya mapatano, tuliipata mezani kwa kubishana na mwajiri. Kitu kilichopatikana mezani kikiachwa mara moja, kukirudisha ni kazi ya miaka. Mfanyakazi anayetoka Kabale au Arua akikosa nauli atabaki kambini siku 21 akitazama ukuta, na kibali cha tembo mfukoni.

Kwa hiyo kamati imemjibu mwajiri hivi. Nauli ya likizo ibaki kama ilivyo. Kama kweli anawapenda watoto wetu, atoe basi mara mbili kwa mwaka wakati wa likizo ya shule, nasi tutamwandikia mkuu wa mbuga mapema ili tuingie kama kundi pamoja na walimu, maana makundi ya wanafunzi hutozwa kidogo kuliko familia inayokwenda peke yake. Kila mtoto anayelelewa na mwanachama ahesabiwe, awe wa kuzaa au wa ndugu. Anayetaka kibali cha mwaka juu ya hayo anunue kwa hiari yake, bila kukatwa mshahara.

Majibu ya mwajiri hayajafika. Katika matawi yote matatu msitie sahihi karatasi ile yenye picha ya tembo mpaka mkutano ujao. Wakati huohuo mpeni katibu wa tawi majina ya watoto pamoja na umri wao kabla ya mwisho wa mwezi, kwa sababu kiingilio hutegemea umri, na basi moja halitatosha kama Hamukungu nao watakuja.