Rafiki akisakamwa na nyama, usimwache aondoke mezani

Huenda nawe umewahi kupita hapo. Ni Jumamosi alasiri, mmetoka Mombasa watu sita katika gari moja mkielekea Malindi, na mkishaupita mji wa Kilifi njaa inawabana. Mnasimama Tezo, kando ya barabara kuu, na kuagiza kilo mbili za mbuzi wa kuchoma, ugali na kachumbari. Wengine wanataka bia, mmoja anataka mnazi kwa kuwa ndicho kinywaji cha huku. Nyama inaletwa juu ya ubao, mchomaji anaikata mbele yenu, na porojo zinanoga kuliko nyama yenyewe.

Katikati ya kicheko mmoja wenu ananyamaza. Macho yanamtoka. Anasukuma kiti, anasimama na kushika njia ya msalani bila kusema neno.

"Mwacheni bwana, mnazi umemzidi," anasema mwenzenu, na mazungumzo yanaendelea.

Je, wewe ungefanya nini? Wengi wetu tungeendelea kula. Na hapo ndipo watu wanapopotea, kwani mtu aliyezibwa njia ya hewa hawezi kupiga kelele. Sauti hutokana na hewa inayopita kooni, na hapa hewa haipiti. Hawezi kukohoa, hawezi hata kuomba maji. Juu ya hayo huona haya kuhangaika mbele ya watu, hivyo huondoka akajaribu kujitapisha faraghani. Ubongo ukikosa hewa kwa muda wa dakika nne hivi huanza kuharibika. Hata dereva hodari hawezi kumtoa mtu Tezo akamfikisha Hospitali ya Kaunti ya Kilifi kwa muda huo. Anayeweza kumwokoa ni wewe uliyeketi naye.

Jambo hili liliwahi kuwachanganya hata madaktari. Mnamo 1963 daktari mmoja wa Marekani aitwaye Haugen aliandika katika jarida la chama cha madaktari wa nchi hiyo kuhusu watu waliokufa ghafla wakila mikahawani katika jimbo la Florida. Ilidhaniwa kuwa walikufa kwa ugonjwa wa moyo. Maiti zilipopasuliwa, koo zilikutwa zimezibwa na chakula. Pombe na meno ya bandia vilitajwa miongoni mwa mambo yanayochangia ajali hiyo.

Huku kwetu dhana potovu huenda mbali zaidi. Mtu akianguka ghafla akila na marafiki, atatokea wa kusema ni moyo, lakini pia atatokea wa kuuliza ni nani aliyemmiminia kinywaji, na ni nani aliyekuwa na kinyongo naye. Katika kaunti ya Kilifi wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, kwa hiyo swali kama hilo si la mzaha. Kipande cha mbavu kinaweza kuzua uhasama wa ukoo mzima.

Kwa nini nyama? Mbuzi akichomwa sana hukauka na kuwa mgumu, na mlaji mwenye njaa huchoka kutafuna akameza vivyo hivyo. Tunapomeza, kifuniko kidogo kilichoko kooni huziba njia ya hewa ili chakula kipite upande wake. Anayecheka huvuta pumzi ghafla, na tonge likafuata hewa. Pombe nayo huilegeza koo na kumfanya mtu asihisi ukubwa wa alichokitia kinywani. Basi mwambie mchomaji akate vipande vidogo, hasa mkiwa na mzee aliyepungukiwa na meno. Hakuna aibu hapo, ubao ni wenu na pesa ni zenu.

Usichanganye hali hii na ile ya mwiba wa samaki, ambayo watu wa pwani wanaifahamu vyema. Mwenye mwiba husema, hulalamika na kutema mate. Huyo ana muda wa kufika kwa daktari. Ila tonge kavu la ugali tunalompa ili kuusukuma mwiba ni afadhali tuliache, kwani laweza kuuzamisha zaidi.

Mwenzako akinyamaza, mfuate na umuulize, "Umesakamwa?" Iwapo anakohoa kwa nguvu, mhimize aendelee kukohoa wala usimguse. Iwapo anatikisa kichwa tu bila sauti, usimpe maji na usimtie vidole kooni kutafuta usichokiona. Muinamishe mbele, umpige mara tano kwa sehemu ya chini ya kiganja katikati ya mabega. Asipopata nafuu, simama nyuma yake, mzungushie mikono, weka ngumi juu kidogo ya kitovu, ishike kwa mkono wa pili, kisha uivute kwa ghafla ndani na juu mara tano. Rudia yote mawili mpaka kipande kitoke. Mja mzito, au mtu mnene usiyeweza kumkumbatia tumboni, mbonyeze kifuani. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja habonyezwi tumbo kamwe. Akizimia, mlaze chali, umbonyeze kifua kwa nguvu na kwa haraka bila kuacha, huku mwingine akitafuta gari.

Njia hiyo ya kubonyeza tumbo ilitangazwa mwaka wa 1974 na Henry Heimlich, daktari wa upasuaji wa Marekani. Mnamo Mei 2016, akiwa na umri wa miaka 96, aliitumia kumwokoa mama wa miaka 87 aliyesakamwa na hambaga wakila pamoja katika makao ya wazee mjini Cincinnati. Alifariki Desemba mwaka huo huo. Hapa Kenya, Shirika la Msalaba Mwekundu na St John Ambulance hufundisha huduma ya kwanza, na somo hili halikosi kuwamo.

Kipande kikishatoka, mwenzako atataka kurudi mezani mkacheke naye. Mpelekeni hospitali kwanza, na mumweleze daktari kwamba alibonyezwa tumbo, kwani nguvu ile ile iliyomwokoa yaweza kuwa imemjeruhi ndani.