Mtoto wetu Kanada ameanza kazi: je, ameacha shule?



Mwezi huu tunajibu swali ambalo limetufikia kutoka familia zaidi ya moja. Mtoto aliondoka hapa kwenda Kanada kusoma mambo ya kompyuta. Miaka miwili alikuwa anasema yuko darasani, ana mitihani. Sasa ghafla anasema, "Mama, mwaka huu sikai darasani, niko kazini kwenye kampuni inayotengeneza programu." Hapo nyumbani maneno yanaanza. Baba mmoja ametuambia hapati usingizi, maana majirani wanasema kijana wake ameshindwa masomo na chuo kimemfukuza. Mama mwingine anauliza: kama kweli anafanya kazi, mbona hela haifiki?

La kwanza tulijibu haraka. Hapana, hajaacha shule. Kazi ile ni sehemu ya shule yenyewe. Sisi Wakongomani na Warundi tunaiita staji. Watanzania wanasema fildi, Wakenya wanasema atachimenti. Ila staji tuliyoizoea sisi ni ya mwezi mmoja au mitatu, mara nyingi bila malipo, na mwanafunzi anaweza kuimaliza akitumwa chai na karatasi. Ya kule ni ndefu na ina mshahara.

Mpango huu si wa jana. Mwaka 1906 mwalimu mmoja wa uhandisi huko Cincinnati, Marekani, jina lake Herman Schneider, alianza na wanafunzi 27: wiki moja darasani, wiki moja kiwandani, wanapishana hivyo hivyo. Aliona kwamba kuna mambo ya ufundi ambayo ubao na chaki haviwezi kuyafundisha. Huko Kanada, Chuo Kikuu cha Waterloo kiliuchukua mpango huo tangu kilipoanza mwaka 1957. Mwanafunzi wa hapo anasoma miezi minne, anafanya kazi miezi minne, anarudi tena darasani. Chuo Kikuu cha Toronto kina njia nyingine kwa wanafunzi wa uhandisi: kwa kawaida wanatoka baada ya mwaka wa pili au wa tatu, wanafanya kazi miezi 12 hadi 16 mfululizo, halafu wanarudi kumaliza. Kwa hiyo mtoto anayesema "mwaka huu niko kazini" anaweza kuwa anasema kweli tupu.

Tuje kwenye hela, maana ndiyo inayoleta ugomvi.

Wengi wa watoto wetu walioko vyuoni kule walikwenda kwa mpango wa WUSC, ambao kwa Kifaransa ni EUMC. Mpango huo unapokea wanafunzi wakimbizi tangu 1978, na sehemu kubwa ya gharama inatoka kwa wanafunzi wenyewe wa vyuo vya Kanada, kila mmoja anachangia kidogo kwenye ada yake. Lakini ufadhili huo ni wa mwaka wa kwanza. Miezi 12 ikiisha, kijana anasimama kwa miguu yake: mkopo wa serikali, kazi ndogo ndogo, basi. Akifika kwenye staji, mshahara wa kwanza tayari una wenyewe. Kabla haujaingia mkononi umekatwa kodi ya mapato, mchango wa pensheni na bima ya kukosa kazi. Unaobaki unalipa chumba, chakula, usafiri na koti la baridi, na kama ana akili anaweka akiba ya ada ya mwaka wa mwisho. Hatusemi asikumbuke nyumbani. Tunasema tu, mkimbana mpaka amalize ile akiba, atakosa ada, na hapo ndipo ataacha shule kweli.

Jambo jingine ambalo wazazi hawaambiwi: wale wa WUSC wanaingia Kanada wakiwa tayari na hadhi ya ukaazi wa kudumu. Ndiyo maana kampuni inaweza kuwaajiri bila shida ya kibali. Kwetu hapa ni vigumu kulielewa hilo. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 iliweka masharti kwenye vifungu vya kazi, na wengi wetu tumezeeka bila kuonja mshahara.

Sasa, anafanya nini huko? Usishangae ukimwuliza akajibu kwa kuzunguka. Makampuni mengi yanamsainisha karatasi ya kutunza siri siku ya kwanza, hata kabla hajajua choo kiko wapi. Ila kazi yenyewe kwa ujumla inajulikana. Anapewa kompyuta na kikundi cha kufanya nacho kazi. Programu inaandikwa na watu wengi kwa pamoja, na kila badiliko linahifadhiwa kwenye mfumo unaokumbuka nani aliandika nini na lini. Mfumo unaotumika zaidi unaitwa Git, aliuanzisha Linus Torvalds mwaka 2005. Mwanafunzi haachiwi kugusa penye wateja hivi hivi. Anaandika, mwenzake mwenye uzoefu anasoma mstari kwa mstari na kumwandikia makosa, anarekebisha, linasomwa tena. Wiki za kwanza anaweza kubadilisha neno moja tu kwenye kitufe, na hilo neno moja likarudishwa mara tatu! Asiyejua atadhani anaonewa. Kumbe hata mafundi wakubwa wanasomewa kazi zao vilevile.

Asubuhi kunakuwa na kikao kifupi, kama robo saa, mara nyingine watu wakiwa wamesimama ili wasiongee sana. Kila mtu anasema jana alifanya nini, leo anafanya nini, na wapi amekwama. Na hapa ndipo watoto wa kambini wanapata taabu kuliko kwenye hesabu. Sisi tumewafundisha kunyamaza mbele ya wakubwa, kungoja kuulizwa. Kule bosi anaitwa kwa jina lake la kwanza, na kijana akikaa kimya siku mbili kwa sababu ya adabu, wao wanaona hafanyi kazi. Akisema "nimekwama, nimejaribu hiki na hiki, nisaidieni," wanamheshimu. Tunadhani wazazi mnaweza kusaidia hapo. Mkiongea naye, mwambieni wazi kwamba kuuliza huko si utovu wa adabu. Neno hilo likitoka kwa baba au mama lina uzito ambao msimamizi wa kazi hana.

Halafu simu. Wengi tunapiga jioni, saa mbili usiku, bando likiwa nafuu na watu wote wako nyumbani. Toronto iko nyuma yetu saa sita wakati wa joto na saa saba wakati wa baridi. Saa mbili yetu usiku, kwake ni saa nane au saa saba mchana, yuko katikati ya kazi. Hapokei, tunasema amebadilika, ametusahau. Pigeni Jumamosi au Jumapili alasiri, kwake ni asubuhi.

Na ninyi vijana mnaongoja zamu, sikilizeni. Staji haigawiwi kama posho. Mwanafunzi anaomba nafasi nyingi, anakataliwa nyingi, anaitwa kwenye usaili na kupewa swali la kutatua papo hapo mbele ya watu. Kwenye maelezo yake anatakiwa aonyeshe kazi alizowahi kufanya, na wengi wanaandika "sina." Si kweli. Uliyetafsiri Kinyarwanda na Kiswahili kliniki, uliyefundisha hesabu darasa la sita, uliyeshika orodha ya majina siku ya mgao: hizo ni kazi. Andikeni tangu sasa tarehe mliyoanza, tarehe mliyomaliza na mliyoyafanya, na ombeni barua kwa msimamizi kabla hajahamishwa.

Kwa mzazi ambaye bado ana wasiwasi, mwulize mtoto wako maswali mawili tu. Ripoti ya kazi utaipeleka chuoni lini? Na muhula gani unarudi darasani? Aliye kwenye staji ya kweli atakujibu hapo hapo, pengine atacheka. Akianza kuzungusha maneno, hapo sasa kaeni muongee.