Mwamba wa Dindira na Miruko ya Atomu
Ukisimama kwenye mashamba ya chai ya Dindira, wilayani Korogwe, Milima ya Usambara huonekana haibadiliki kamwe. Kumbe mwamba ulio chini ya chai hiyo unabadilika hata sasa, na namna unavyobadilika inagusa swali la siku nyingi: je, mabadiliko ya ulimwengu hutiririka mfululizo, au huenda kwa kuruka?

Miamba ya Usambara ilipikwa kwa joto na mgandamizo mkubwa, kilomita nyingi ardhini. Ndani yake mna chembe za madini ya zikoni, nyingi hazizidi ukubwa wa punje ya chumvi. Zikoni ikijijenga hupokea atomu za urani na kuikataa risasi. Kwa hiyo risasi inayokutwa humo leo, karibu yote ni urani iliyogeuka. Kwa kupima chembe hizo, mwanajiolojia Profesa Sospeter Muhongo na wenzake walichapisha mwaka 2001 wakati miamba ya aina hii mashariki mwa Tanzania ilipopikwa: takriban miaka milioni 640 iliyopita.

Sasa chukua atomu moja ya urani-238. Haichakai. Yaweza kukaa miaka bilioni moja ikiwa ileile, kisha ghafla, bila dalili yoyote, ikatema chembe ya alfa na kuwa elementi nyingine, thoria. Hakuna aliyewahi kuipima akaikuta nusu urani, nusu thoria. Hatua za namna hiyo ni 14 hadi iwe risasi. Lakini ukikusanya matrilioni ya atomu hizo, miruko haionekani tena: nusu ya atomu hugeuka katika miaka bilioni 4.47, kwa mwendo laini kabisa. Tangu miamba hii ipikwe, takriban atomu 9 katika kila 100 zimeshageuka.

Wengi huishia hapo wakasema chini kabisa ni miruko mitupu. Naona wanaharakisha. Mlinganyo wa mwanafizikia Schrödinger wa mwaka 1926, unaotawala atomu hiyohiyo, hutiririka bila kukatika. Na mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, wakitumia atomu ya kutengenezwa maabara, walionyesha kuwa mruko ukishaanza hupita njia isiyokatika. Wakaweza hata kuurudisha ukiwa katikati. Muda na nafasi navyo, hakuna kipimo kilichowahi kuonyesha kuwa ni vipandevipande.

Msimamo wangu ni huu: matukio huhesabika mojamoja, ila kanuni inayopanga uwezekano wake haina mkatiko. Walimu wa fizikia wa sekondari, tafadhali, fundisheni yote mawili kwa pamoja.